Turubai la Bwana Baridi

Ninyi vijana mnaoshona viti vya pikipiki pale Mangobo, hapa Kisangani, juzi nilipita kwenu nikasimama karibu saa nzima. Mlidhani ni mzee anayepumzika kivulini. Nilikuwa natazama mikono yenu. Uzi wenu ni nailoni ya kuvulia samaki, sindano imepinda, na pale mshono ulipoenda upande mnapaka gundi na kupuliza. Mteja anaondoka amefurahi. Mvua mbili tu, sponji inatoka nje kama matumbo ya samaki, naye akirudi mnamwambia ngozi ilikuwa mbaya.

Niliona yote hayo nikaenda zangu bila kusema neno, nikicheka moyoni. Nilipofika karibu na kwangu kicheko kikaisha. Kunyamaza kwa namna ile nilikwisha kunyamaza mara moja, katika miaka ya hamsini, na mtu mwingine karibu alipe. Basi nawaandikia. Someni, hata kama mnasoma mkiwa mmekaa juu ya kazi yenu mbovu.

Mimi ni mtoto wa wavuvi wa maporomoko. Baba yangu alitega vikapu vyake kwenye miti iliyosimamishwa katikati ya maji yanayokimbia, na alitaka nimfuate. Mimi niliogopa yale maji, sioni aibu kulisema, nikaenda kutafuta kazi katika garaji moja karibu na bandari. Magari ya wazungu yalipanda mto kwa meli kutoka Leopoldville, na yakiharibika yaliletwa kwetu. Chumba cha mwisho, kile chenye dirisha la kutazama ukuta, kilikuwa cha kushona: viti, maturubai ya malori, na mapaa ya yale magari ya fahari ambayo hayana paa la bati, yana turubai la kukunja nyuma kama mwavuli. Humo ndimo alimokaa Papa Asumani na cherehani yake ya miguu.

Papa Asumani alitoka Kasongo, Maniema. Kabla ya kuja Kisangani alishona mahema ya wapima ardhi kwa miaka mingi katika milima ya Lubero, huko ambako asubuhi mtu huona pumzi yake mwenyewe ikitoka mdomoni. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikakamaa huko na havikurudi. Hakusifu mtu. Ukimletea kazi mbaya alisema neno moja: "Fumua." Ukimletea kazi nzuri hakusema kitu, aliiweka upande na kuendelea na yake. Mwaka wa kwanza nilisikia "fumua" mara nyingi kuliko jina langu.

Na nilistahili. Mwezi wangu wa kwanza nilipewa gari ambalo mpira wa milango ulikuwa unalia kila ilipofungwa. Nikaupaka mawese. Nilijiona hodari sana. Kwetu mawese yalilainisha kila kitu, kuanzia ngozi ya mtoto mpaka bawaba za mlango. Kesho yake siafu walipanga mstari kutoka ukutani hadi ndani ya gari, na baada ya wiki mpira ulikuwa umevimba na kulegea kama ugali wa fufu uliolala. Papa Asumani aliuvuta kwa vidole viwili, akaninusisha.

"Ulipikia nani, Bazili?"

"Hapana Papa, nilitaka ilainike."

"Imelainika. Sasa kula."

Mpira hupakwa glisirini ya duka la dawa, kidogo, au poda ya watoto. Turubai huoshwa kwa maji ya mvua na sabuni ya mche, kwa brashi laini, ukifuata mshono wala si kuukata, na sabuni yote itoke, kwa sababu sabuni iliyobaki inakula uzi. Uzi wenyewe unapitishwa kwenye nta ya nyuki kabla ya kushona, ili tundu la sindano lizibike na maji yasipite. Turubai lililolowa halikunjwi. Unaliacha limetandazwa mahali pake, limefungwa kwa mbele, mpaka likauke likiwa limevutwa. Ukilikunja bichi litapungua na halitafika tena kwenye ndoano zake, na hapo ndipo mnapoanza kulivuta kwa koleo kama wapumbavu. Haya mambo hayahitaji shule. Yanahitaji mtu asiyejua yote.

Sasa nawaletea mtu aliyejua yote.

Alikuwa mkuu wa ghala la pamba, mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu. Gari lake lilishuka melini likiwa jekundu pia, na turubai jeupe kama maziwa. Jeupe, katika mji ambao mvua yake inarusha udongo mwekundu mpaka kiunoni! Ndani ya gari kulikuwa na kijitabu cha watengenezaji, na yule bwana alikibeba kama padri anavyobeba misale. Kila alipokuja garajini alikifungua, akasoma, akatutazama kuona kama tumepiga magoti.

Mwezi wa kumi na mbili ulipofika akaja na mablanketi matatu ya sufu na kamba. Kijitabu kilisema kwamba kuanzia mwezi huo hadi wa tatu baridi huumiza turubai, kwa hiyo gari lisitembezwe, lifungwe vizuri, lifunikwe kwa vitu vizito, na madirisha yazibwe upepo usiingie. Mwezi wa kumi na mbili, Kisangani. Mimi nilikuwa nimevua shati. Jasho lilikuwa linadondoka kutoka puani kwangu hadi kwenye cherehani.

Papa Asumani alisimama, akavua kofia yake, jambo alilolifanya tu akiwa na neno zito.

"Bwana, hapa baridi haiko. Hapa iko unyevu. Ukifunika na blanketi, turubai itaoza."

"Wewe iko nasoma kitabu hii?"

"Hapana, Bwana."

"Bon. Mimi iko nasoma. Funika."

Tulifunika. Tulilivika lile gari mablanketi matatu, tukalifunga kamba kama mzigo wa kwenda Basoko, tukaziba kila tundu kwa matambara, tukalisukuma ndani ya banda la bati. Mafundi wote waliacha kazi wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama tumewasha moto chini yake ili lisikohoe. Siku hiyo ndiyo mkuu wa pamba alipata jina lake, na hadi anaondoka Kongo hakuwahi kujua kwamba mji mzima ulimwita Bwana Baridi.

Mwezi wa tatu tukafungua zile kamba. Harufu ilitoka kwanza. Turubai jeupe lilikuwa limegeuka kijani na jeusi, madoa kwa madoa, na kwenye pembe ya nyuma, pale maji yalipojikusanya, ulikuwa umeota uyoga, mdogo mdogo, mzuri kabisa, wa kuweka kwenye sufuria. Panya alikuwa amezaa chini ya kiti. Ulipogusa turubai kwa kidole, kidole kilipita.

Bwana Baridi aliutazama uyoga. Akafungua kijitabu. Nilimwona kwa macho yangu akiutafuta uyoga ndani ya kijitabu. Hakuuona, basi akasema uzi wa Papa Asumani ulikuwa mbaya. Uzi ambao Papa Asumani hakuwahi kuugusa, kwa sababu turubai lile lilishonwa Ulaya!

Patron, mwenye garaji letu, hakupenda kubishana na wateja wakubwa. Akamwagiza Papa Asumani ashone turubai jipya, na la pili nalo liwe jeupe, maana mjinga harudi nyuma. Lilishonwa kwa wiki mbili. Sijaona tena kazi kama ile. Dirisha la nyuma lilikuwa la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, tuliyoiita mika, kipande kimoja kikubwa kilichoagizwa Leopoldville, na Papa Asumani aliizungushia mshono wa mistari miwili uliolingana kama ulipimwa kwa rula.

Kisha Bwana Baridi akatangaza kwamba anakwenda likizo milimani, Lubero, kuwaonyesha rafiki zake gari. Alisema mbele ya patron: turubai likiharibika kabla ya kurudi, hataki tena kumwona yule mzee garajini. Patron akamwita Papa Asumani, akaweka kidole juu ya buku yake ya kazi. Ninyi hamkuiona buku ile. Kila mfanyakazi alikuwa nayo, na patron alipokufukuza aliandika humo sababu. Neno moja baya lilifunga kila mlango wa mji. Na mtu wa mbali kama Papa Asumani, asipokuwa na kazi, hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini; angerudishwa Kasongo, ambako hakuwa na shamba wala ndugu aliyebaki, na kumwacha mke wake na kibanda chake cha vitambaa sokoni.

"Ikirudi imepasuka," patron alisema, "nitaandika."

Nikatumwa mimi niende na gari kulinda turubai. Papa Asumani aliniita kando.

"Bazili, kule juu iko baridi ya kweli. Asubuhi mika inakuwa ngumu sawa bati. Mbele ya kukunja, weka mukono yako juu yake, hesabu mpaka makumi mbili. Kama mukono inasikia baridi, hapana kunja. Ngoja jua. Kama jua haiko, lowesha kitambaa na maji ya moto kidogo, uweke kwa ndani. Na katikati ya mikunjo weka kitambaa ya flaneli. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

"Sema tena."

Nikasema tena, yote, kama katekisimu.

Tulisafiri siku nne. Bwana Baridi aliendesha mwenyewe, mimi nyuma kati ya masanduku. Msitu, matope, vivuko, kisha barabara ikaanza kupanda na miti ikapungua. Siku ya nne, alasiri, tuliingia Lubero na mvua ya mawe ikatupokea. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona. Niliokota jiwe moja, nikalitia mdomoni, nikalitema.

Asubuhi tulitoka kwenye nyumba ya wageni. Juu ya majani bado kulikuwa na madoa meupe. Wingu lilikuwa limekaa juu ya kilima na jua halikuwepo. Niliweka mkono wangu juu ya mika. Nilihesabu mpaka ishirini, na kabla ya kumi mkono ulikuwa tayari unauma. Ile mika niliipiga kwa ukucha, ikalia kama sahani.

Bwana Baridi alitoka akiwa amevaa shati na miwani ya jua. Alitaka kuingia kwa rafiki zake paa likiwa wazi, watu wamwone. Kijitabu hakukishika. Baada ya hadithi ya mablanketi wazungu wenzake walikuwa wamemcheka mpaka klabuni, na sasa hakutaka tena kusikia neno baridi kutoka kinywa cha mtu yeyote. Alikuwa ameiogopa baridi mahali isipokuwepo, na pale ilipomng'ata masikio akaikana. Akafungua ndoano za mbele mwenyewe. Kisha akanigeukia.

"Iko muzuri?"

Hapa ndipo nawataka mnisikilize. Swali lilikuwa jepesi. Maji ya moto yalikuwa jikoni, hatua kumi. Flaneli ilikuwa begani kwangu. Lakini mimi nilikuwa nimechoka kusikia mafundi wengine wakisimulia ya mablanketi kana kwamba wao ndio waliolifunika gari. Nilitaka hadithi yangu mwenyewe ya kurudi nayo. Nilitaka kuona ile shingo nyekundu ikigeuka.

Nikasema, "Iko muzuri, Bwana."

Akalisukuma turubai nyuma kwa mikono miwili. Mika ililia mara moja, kavu, kama kikombe kikianguka sakafuni, na ufa ukapita kutoka pembe hadi pembe. Kipande kimoja kilianguka miguuni pangu. Uso wa Bwana Baridi ulikuwa kama nilivyoutarajia, na niliufurahia. Niliufurahia kwa muda wa kuokota kile kipande.

Kisha akasema, taratibu kabisa, bila hasira:

"Ule mzee. Sasa mwisho yake."

Mnajua mtu anapomeza tonge la moto mbele ya wakwe? Hivyo ndivyo nilivyosimama. Katika kuhesabu kwangu mpaka ishirini sikuwa nimeihesabu buku ya Papa Asumani.

Siku nne za kurudi tulikuwa na gunia mahali pa dirisha. Vumbi na mvua viliingia. Kila asubuhi nilipanga maneno ya kusema, kila jioni niliyapunguza. Tulipofika garajini nilikuwa nimebakiwa na machache sana. Bwana Baridi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa patron. Mimi nikaenda chumba cha mwisho.

Papa Asumani alikitazama kile kipande cha mika mkononi mwangu. Hakukigusa.

"Uliweka mukono?"

"Niliweka."

"Ilikuwa baridi?"

"Ilikuwa baridi, Papa."

"Na ulimwambia?"

Nikakigeuza kile kipande mkononi.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza. Nilisema iko muzuri."

Nilitegemea anipige. Angenipiga ingekuwa nafuu. Alijaribu kunyoosha vile vidole viwili visivyonyooka, kisha akafungua sanduku lake la vipande. Huyu hakuwa akitupa kitu. Alitoa kipande cha mika kilichobaki pale alipokata dirisha lile, akakikata katikati kwa mkasi. Kimoja akakiweka nje juani. Cha pili akanipa.

"Kimbia kwa bucha ya bazungu. Omba waweke hii ndani ya chumba ya barafu. Ukae nayo pale. Nikituma mutu, ulete, umefunika na flaneli."

Nilikaa katika chumba cha barafu kati ya mapaja ya ng'ombe, nikitetemeka, na sikuomba kutoka.

Nilipoitwa niliwakuta ofisini patron, Bwana Baridi na Papa Asumani aliyevua kofia. Buku ilikuwa mezani, imefunguliwa, na kalamu juu yake. Papa Asumani alimpa Bwana Baridi kipande cha juani.

"Bwana, kunja."

Akakunja. Kikakunjika kama jani la ndizi, kikarudi.

"Sasa hii ya Bazili."

Nilifunua flaneli. Bwana Baridi alikishika, na nilimwona akisikia ubaridi kwenye vidole vyake na kuelewa, lakini patron alikuwa anatazama, basi akakunja. Kikalia ile sauti. Ileile.

Papa Asumani akaokota vile vipande viwili, akaviweka mezani kando ya kile cha Lubero, akatandaza hapo turubai lenyewe alilokuwa amelitoa garini.

"Mushono yangu haikufunguka, patron. Tazama. Uzi yote iko. Iliyovunjika ni mika, na imevunjika kwa baridi."

Patron alipitisha ukucha juu ya mshono. Kisha akaniuliza mimi. Ulikuwepo, akasema, asubuhi ile kulikuwa na baridi?

Ningeweza kusema ndiyo na kuishia hapo. Lakini Bwana Baridi alikuwa amekwisha kusema kwamba aliuliza na mfanyakazi wa garaji akamwambia iko muzuri, na patron alitaka kujua kama ni kweli, kwa maana kama garaji lilimwambia hivyo, basi kosa ni la garaji, na garaji upande wa turubai ni Papa Asumani. Alishika kalamu.

Nikasema ni kweli. Nikasema Papa Asumani alinifundisha neno kwa neno la kufanya, nami niliweka mkono, nikajua, nikadanganya. Patron akauliza kwa nini. Nikasema nilitaka kucheka.

Hakuna aliyecheka. Patron akaifunga buku ya Papa Asumani na kumrudishia. Akaomba yangu. Aliandika humo mstari mmoja, kwa Kifaransa: mtu huyu anajua kazi yake na anasema uongo. Mstari ule niliubeba mpaka Uhuru, na kila patron mpya aliusoma mbele yangu polepole. Angenifukuza siku ileile, lakini Papa Asumani akasema, bila kunitazama, "Huyu iko wangu. Wacha kwanza." Bwana Baridi aliondoka bila kuaga mtu. Gari jekundu alimuuzia daktari mmoja wa Lubunga na akanunua lenye paa la bati, ambalo hata yeye hakuweza kulikunja.

Lakini kabla ya gari kuuzwa ilibidi mika mpya ishonwe, na Papa Asumani akanipa mimi niishone. Nilikaa siku mbili. Mistari miwili, nta, mishono sawa, pembe zimelala. Nikampelekea. Aliitazama chini na juu, akaigeuza.

"Fumua."

Nikafumua. Nikashona tena, polepole zaidi, nikampelekea.

"Fumua."

Mara ya tatu nilimwuliza, "Papa, mushono iko na kosa gani?"

"Mushono haina kosa," akasema. "Fumua."

Nilifumua nikilia, mimi mwanamume mwenye mke nyumbani, mbele ya mafundi wote, na hakuna aliyeuliza sababu kwa kuwa wote waliijua. Mara ya nne aliipokea, akaiweka upande, akaendelea na kazi yake.

Sasa ninyi wa Mangobo. Nailoni ile inakata ngozi. Itupeni, tafuteni uzi wa pamba na nta. Ile sindano iliyopinda imewapindia kila tundu. Gundi haishoni. Juzi niliyaona yote haya nikanyamaza ili nicheke. Leo nimesema. Fumueni.